Occult Maana Yake Nini Haswa? Wacha Tufunue Sufuria

Leo nataka tuongee kuhusu neno moja tu. Ni la Kizungu, lina herufi sita, na ukilisema kwa sauti kubwa hapa Ayany lazima mtu ageuke. Occult. Mtaani wengi tunalitamka "okalti", na tukilitamka tunashusha sauti kidogo, kama mtu anayetaja deni.

Linatumika kwa kila kitu. Nganya ikitoka gereji imechorwa jicho ndani ya pembetatu, hiyo ni okalti. Msanii akifunika jicho moja kwenye video, okalti. Jamaa wa ploti akinunua gari na hakuna anayejua kazi yake, basi naye ni okalti, na tarehe aliyojiunga tunaijua. Pete kubwa, tatuu, paka mweusi, bibi mzee asiyependa story na majirani, wote wamo. Neno limekuwa gunia: kila mtu anatia ndani kile anachokiogopa, halafu anafunga kamba.

Mimi sina shida na mtu kuogopa. Mimi pia usiku stima zikipotea siendi choo cha nje bila tochi. Shida yangu ni kwamba neno likishabeba kila kitu, siku likibeba maisha ya mtu hakuna anayeshtuka. Na hili neno karibu lipeleke mtu wangu kaburini. Nitafika hapo. Kwanza tujue ni neno gani.

Limetoka wapi

Limetoka Kilatini: occultus. Maana yake ni "kilichofunikwa". Basi. Hakuna pembe, hakuna mkia, hakuna damu ya kuku. Mzazi wake ni kitenzi occulere, yaani kufunika kitu kisionekane. Mathee akiweka kifuniko juu ya sufuria ya githeri, Mrumi wa kale angeweza kutumia neno hilohilo bila mtu kukimbilia maombi.

Waingereza walilipata kupitia Kifaransa katika karne ya 16, na mwanzoni walilitumia hivyohivyo: jambo la siri, jambo ambalo halijatangazwa, jambo ambalo akili haijalifikia.

Sasa cheki ndugu zake, kwa sababu ukoo wa neno husema mengi. Wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye mzizi mmoja wa zamani sana uliokuwa na maana ya kufunika au kuficha. Kwenye mzizi huo ndipo linapotoka "cell", kile chumba kidogo ambacho polisi wanakiita seli. Ndipo inapotoka helmeti ya bodaboda, kwa sababu inafunika kichwa. Na ndipo linapotoka "hell". Ndiyo, jehanamu. Kwa Waingereza wa kale hilo lilikuwa jina la mahali palipofichwa, penye wafu. Kwa hivyo mtu akikwambia occult na hell ni kitu kimoja, kidogo ana ukweli: ni mabinamu. Lakini helmeti ya mtu wa boda pia ni binamu yao, na hakuna anayeikemea.

Kuna na binamu wa Kigiriki: kalyptein, kufunika. Ule mti tunaoita mkaratusi, ambao majani yake watu walikuwa wakijifukiza nayo chini ya blanketi wakati wa korona mwaka wa 2020, jina lake la kisayansi ni Eucalyptus. Maana yake ni "uliofunikwa vizuri", kwa sababu ua lake kabla ya kuchanua lina kifuniko kama kofia. Ikifika siku yake, ile kofia inadondoka.

Na ukichukua kalyptein ukaiongezea "apo" mbele, maana inageuka: kutoa kifuniko. Hapo ndipo lilipotoka "apocalypse". Sisi tunasikia hilo neno tunawaza mabomu na filamu za mwisho wa dunia, lakini maana yake ni kufunua tu. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliona hilo. Kitabu cha mwisho hawakukiita Maangamizi. Wakakiita Ufunuo. Funika, funua. Kiswahili kinabadilisha mwisho wa neno tu na kazi imekwisha.

Na tukiwa hapo, Kiswahili chenyewe kimejaa maneno ya namna hii na hayatutishi. Siri. Fumbo, linalotokana na kufumba. Ghaibu, yaani kisichoonekana. Mtoto wa madrasa pale Makina akisoma sura nzima bila kufungua kitabu, tunasema amesoma kwa ghaibu. Na wewe ulipokariri shairi la Kiswahili usiku wa kuamkia mtihani, ulilikariri kwa ghaibu. Kitu kimefichwa ndani ya kichwa chako. Kwa Kilatini hiyo ni occultus kabisa, na mwalimu alikupa maki.

Uchawi uliingiaje

Swali zuri. Kama maana ni kufunikwa tu, nani alileta mishumaa?

Wasomi wa Ulaya katika zama za kati waligawanya sifa za vitu mara mbili. Kuna sifa za wazi, zile unazozihisi: moto ni joto, maji ni baridi, pamba ni laini. Halafu kuna sifa zilizofichika, occult, zile unazoona matokeo yake lakini chanzo huoni. Mfano wao mkubwa ulikuwa sumaku. Inavuta msumari, lakini huoni kamba. Huyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa darasa la occult: sumaku, ile iko nyuma ya spika yako.

Halafu akaja Mjerumani mmoja, Heinrich Cornelius Agrippa, na vitabu vitatu vilivyochapwa kati ya mwaka wa 1531 na 1533, kuhusu falsafa ya mambo yaliyofichika. Humo alichanganya vyote: nyota, namba, mawe, mitishamba, majina ya malaika. Kufikia karne ya 17 neno lilikuwa limeanza kuegemea upande huo, yaani uchawi, unajimu, na wale watu waliokuwa wakijaribu kugeuza risasi kuwa dhahabu.

Lakini wanasayansi hawakuliachia wachawi peke yao. Isaac Newton alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka wa 1687, akasema vitu vinavutana hata vikiwa mbali na hakuna kitu kati yao, Mjerumani mwingine, Leibniz, alimshambulia akidai anarudisha zile sifa za occult mlangoni. Fikiria hiyo. Nguvu ya uvutano, ile inayofanya simu yako ianguke na skrini ipasuke, ilishawahi kuitwa okalti na msomi wa hesabu.

Na mpaka leo neno linafanya kazi za kawaida kwenye sayansi. Mwezi ukipita mbele ya nyota ukaifunika, wanaastronomia wanaita hilo tukio "occultation". Mfupa ukipasuka ufa mdogo ambao eksirei haiuoni, madaktari wanauita ufa wa occult. Na kuna damu.

Hii sasa ndiyo story yangu

Nina senje, dadake babangu, anayeuza omena na mboga upande wa Olympic. Ni mama wa nguvu, amka yake ni saa kumi alfajiri. Mwaka juzi akaanza kuchoka. Kupanda ngazi za ploti, anasimama katikati kushika ukuta. Kizunguzungu. Tumbo linauma, hasa akiwa hajala. Akaenda kliniki moja, sitaitaja, akaandikiwa vipimo, akalipa, akatoa sampuli ya choo, akarudi nyumbani na karatasi. Hakuna aliyemwelezea kitu. Alipewa karatasi kama mtu anayepewa chenji.

Nyumbani akampa binamu yangu wa Form Two amsomee. Mtoto akasoma kwa sauti, kama anavyosoma shuleni: occult blood, positive.

Wasee, nyumba ilinyamaza.

Sasa mjiweke pale. Wewe ni mama wa kanisa miaka thelathini. Hospitali, yenye mashine na makoti meupe, imeandika kwamba ndani yako kuna damu ya okalti, na imethibitishwa. Mama mmoja wa kikundi chake cha maombi alikuwepo. Kufikia jioni kikundi kizima kilikuwa na habari. Kufikia Jumapili, maelezo yalikuwa yamekamilika: kuna mtu pale sokoni anamwonea wivu, na jina lilikuwa limeshaanza kutajwa, la mama anayeuza meza ya tatu kutoka kwake. Akapangiwa maombi ya siku saba. Na kufunga.

Narudia: kufunga. Mwanamke anayevuja damu tumboni, anaambiwa asile.

Mimi nilifika siku ya tatu. Nilikuta amelala kwenye kochi, viganja vyeupe ndani kama karatasi. Nikaomba nione ile fomu. Nikaipiga picha, nikatafuta maana yake kwenye simu, na haikuchukua dakika mbili.

Occult blood ni damu iliyojificha ndani ya choo. Iko kidogo sana kiasi kwamba kwa macho huioni. Ndiyo hiyo tu. Kipimo cha zamani kinatumia karatasi yenye utomvu wa mti unaoitwa guaiac: wanapaka sampuli, wanadondosha dawa, na kama kuna damu karatasi inageuka buluu. Ikigeuka, inamaanisha mahali fulani kwenye njia ya chakula kuna kitu kinavuja. Inaweza kuwa vidonda vya tumbo. Inaweza kuwa safura, ile minyoo inayonyonya damu. Inaweza kuwa bawasiri. Inaweza kuwa saratani ya utumbo mpana, na hapo ndipo hicho kipimo kinapookoa watu, kwa sababu damu huanza kujificha hivyo kabla mgonjwa hajahisi kitu kikubwa.

Nikamwambia, "Senje, hii si ya shetani. Ni damu imejificha tu. Wanasema unavuja ndani."

Akaniangalia. "Nani amekwambia?"

"Neno lenyewe."

Hakuamini mara moja, na simlaumu. Kilichomwamsha ni babangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, kumwambia, "Dada, Mungu atakusikia hata ukiwa kwenye matatu. Twende." Tukaenda hospitali nyingine. Nesi wa pale, mama mtu mzima, akaketi naye na kumwelezea kwa Kiswahili rahisi na Kiluhya kidogo. Damu ilikuwa imepungua vibaya, akaongezewa. Wakaingiza kamera kupitia mdomoni, wakapata kidonda tumboni kinachovuja. Akapewa dawa, na akaambiwa aache zile tembe za maumivu alizokuwa akimeza kila jioni kwa ajili ya mgongo, kwa sababu nazo huchubua tumbo.

Leo amerudi kwa meza yake. Lakini yule mama wa meza ya tatu alihama soko. Kuna watu waliacha kununua kwake. Hakuna aliyemwomba msamaha rasmi, na ingekuwa ngumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumshtaki rasmi. Neno tu lilimwangukia.

Hii si story ya senje peke yake

Nchi hii imeshawahi kutafuta okalti kwa tume. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya uchunguzi kuhusu ibada ya shetani nchini Kenya, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu wa Kikatoliki, Nicodemus Kirima. Ripoti ilipotoka hadharani mwaka wa 1999 ilizungumzia makafara, kula watu, na miujiza ya giza, na ikataja makundi ya dini kama Mashahidi wa Yehova na Wamormoni kuwa milango ya ushetani. Waulize wazazi wenu waliokuwa shuleni miaka ile. Nadhani wengi wetu tumelelewa ndani ya mwangwi wa hiyo hofu bila kujua ilipotoka.

Na hofu ina bei. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu wasiopungua 11 walichomwa na umati wakishukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, Marani, Kisii hiyohiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma kama hiyo. Wanne. Wengine walikuwa na umri wa nyanya yako. Ukiangalia kesi hizi, mara nyingi anayeangukiwa ni yuleyule: mzee, mara nyingi mwanamke, mara nyingi mjane, na wakati mwingine ana kipande cha shamba ambacho mtu anakitaka. Hilo la shamba ndilo lililofunikwa hapo, si uchawi.

Jambo ambalo wasee wengi hawalijui: Kenya ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya mwaka wa 1925, wakati wa mkoloni, na bado imo vitabuni. Inaadhibu anayejidai ana uchawi, ndiyo. Lakini inaadhibu pia anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi huku mtaani, badala ya kupeleka malalamiko kwa chifu, polisi au afisa mwingine wa serikali. Kwa hivyo yule msee anayepost picha ya jirani na kuandika "okalti confirmed", sheria ina kiti chake.

Cult na occult si ndugu

Hapa watu wengi wanateleza, na ni muhimu. Maneno haya yanafanana mkia tu. Occult ni kufunikwa. Cult imetoka kwa kitenzi kingine cha Kilatini, colere: kulima, kutunza, kuabudu. Ndugu zake ni "culture" na "agriculture". Yaani cult, kwa asili, ni wa upande wa jembe: watu wanaotunza ibada fulani kama shamba. Baadaye ndiyo ikaja kumaanisha kundi linalomfuata kiongozi mmoja mpaka akili zinabaki kwake.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu ya Shakahola.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilipita 400, wengi wakiwa watoto. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, na yeye amekana mashtaka. Kesi ni ya mahakama, siyo yangu. Lakini kitu kimoja kilikuwa wazi kabla ya yote: mahubiri yake hayakuwa ya siri. Yalikuwa kwenye televisheni. Yalikuwa YouTube. Alikuwa ameshawahi kukamatwa, tangu mwaka wa 2017, kuhusiana na mafundisho yake. Hakukuwa na jicho ndani ya pembetatu. Hakukuwa na pete ya fuvu. Kulikuwa na Biblia, maikrofoni na watu waliokuwa wakisikiliza.

Sisi tulifundishwa kuogopa kilichofunikwa. Kwa hivyo tunachunguza rangi ya nganya, tunacheza nyimbo kinyumenyume kutafuta ujumbe, na mtu anayeongea mbele yetu mchana kweupe, akiwaambia watu wasipeleke watoto shule wala hospitali, tunampita kwa sababu hafanani na okalti. Anafanana na kanisa. Na sisemi hivyo kwa kudharau kanisa. Mimi naenda kanisa, na wiki ijayo nitakuwepo.

Na sisi tuliofunikwa je?

Kitu cha mwisho, halafu niwaachie.

Tunaishi mahali ambapo jina lake linahusu kitu kinachoficha. Kibra, kwa Wanubi waliotangulia hapa, ni msitu. Na kwa miaka mingi ukifungua ramani, msitu ndio uliokuwa ukiuona. Maelfu ya nyumba, shule, misikiti, makanisa, kliniki, vyoo vya kulipia, na ramani inaonyesha nafasi tupu. Ilichukua mwaka wa 2009, vijana wa hapahapa wakishika vifaa vya GPS na kutembea kichochoro kwa kichochoro katika mradi wa Map Kibera, ndipo mtaa ukaonekana kwenye ramani ya wazi ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua. Mpaka hapo, kwa Kilatini safi, mtaa wote ulikuwa occult. Tulikuwepo. Tulikuwa tumefunikwa.

Sheng yenyewe ni hivyo. Sehemu ya utamu wake ni kwamba mathee akiingia chumbani haelewi, na karao akipita hashiki. Kila mara mathee akikamata neno, tunabadilisha. Ukiwa kijana wa Nairobi unafunika maneno yako kila siku na huoni kama umeuza roho.

Kwa hivyo ndiyo, kuna vitu vilivyofichwa duniani. Vingine ni vibaya kabisa, na kama unaamini kuna vya kiroho pia, sitabishana na wewe, hata senje bado anaamini. Ninachokataa ni neno kutumika kumaliza mazungumzo. Mtu akisema "hiyo ni okalti", wengi hunyamaza hapo, kama vile jibu limetolewa. Mimi nasikia swali: kimefunikwa nini, na nani aliyekifunika?

Jaribu hilo swali na uone. Kwa senje, kilichofunikwa kilikuwa kidonda, na aliyekifunika mara ya pili ni kliniki iliyompa neno la Kilatini badala ya maelezo. Kule Marani, ukifunua, chini hakuna uchawi, kuna wazee wanne waliohitaji ulinzi. Kule Shakahola, kilichofunikwa kilikuwa makaburi tu. Maneno yalikuwa wazi miaka yote. Na hapa kwetu, aliyefunika ni mchora ramani aliyeona ni rahisi kupaka kijani kuliko kuuliza majina yetu.

Ukienda hospitali ukapewa karatasi, usiondoke kabla mtu hajakueleza kila neno kwa lugha unayoiota. Ni haki yako, hata kama foleni ni ndefu na daktari amekunja uso. Na kama kwenu kuna mtu aliyerudi na fomu imeandikwa "occult blood", mwachie Mungu maombi, lakini mpe mtu huyo chakula, na kesho asubuhi mrudishe hospitali.